Nyumba ya jirani imefungwa, watoto wanacheza wapi?

Ukitoka Bukoba kwenda Muleba na kukata pale Muhutwe kupanda Kamachumu, utaziona bila kutafuta. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, madirisha yamepigiliwa mbao, migomba imesongana mpaka mlangoni. Pembeni kuna makaburi mawili matatu. Mwenyewe yuko Dar es Salaam au Mwanza, au naye amelala hapo pembeni.

Kagera ina sababu zake za kuwa na nyumba za namna hii. Mhaya aliyefanikiwa mjini hujenga kibanjani kwao, hata kama nyumba hiyo itafunguliwa wiki mbili tu za Krismasi. Halafu kuna UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilizikwa kaya baada ya kaya, watoto wakapelekwa kwa bibi au kwa shangazi na mlango ukafungwa. Tetemeko la Septemba 10, 2016 nalo liliacha kuta nyingi na nyufa katika Manispaa ya Bukoba na wilaya jirani, na si kila mwenye nyumba alirudi kuziba. Nyingine zimefungwa kwa sababu ya kawaida kabisa: warithi hawaelewani.

Kwa jirani mwenye watoto wadogo, hata hivyo, historia si tatizo lake la leo. Tatizo lake ni kwamba ng'ambo ya ua kuna uwanja usio na mkubwa, wenye mapera yanayoanguka bure. Mtoto gani atapita?

Wazazi wengi huwaza nyoka kwanza. Ni kweli kifutu hupenda majani marefu na marundo ya matofali yenye panya, na mtoto asiye na viatu ndiye anayemkanyaga. Akiumwa, asikatwe chale wala kufungwa kamba. Mguu utulizwe, abebwe apelekwe kituo cha afya mara moja. Lakini kitu cha hatari zaidi katika kiwanja kilichoachwa mara nyingi hakionekani kabisa: choo cha shimo cha zamani. Sakafu yake ilijengwa kwa magogo yakafunikwa udongo. Miaka kumi ya mvua za Kagera, ambazo hazina mchezo, huozesha magogo hayo huku juu nyasi zikiota vizuri kama bustani. Mtu mzima anayekumbuka kilipokuwa choo anapita pembeni. Mtoto aliyezaliwa baada ya nyumba kufungwa hajui. Kama kuna jambo moja la kumuuliza mzee wa kitongoji wiki hii, ni hilo: choo chao kilikuwa upande gani, na kisima je?

Kuhusu mbu, lawama nyingine huenda pasipostahili. Majani marefu huwapa mbu kivuli cha kupumzika, lakini hawazaliani humo. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotuama yanayopigwa na jua, kama shimo lililoachwa na mafundi wa kufyatua matofali. Maji ya kwenye makopo na matairi huzaa mbu wengine, wakiwemo wa dengue. Muleba inaijua malaria vizuri. Upuliziaji wa dawa ukoko majumbani ulianza wilayani humo mwaka 2007. Ila mpuliziaji hawezi kupulizia nyumba yenye kufuli, hivyo chandarua cha mtoto wa jirani kinabaki na kazi mbili.

Popo nao wamezua hofu tangu ugonjwa wa Marburg ulipoingia Bukoba Vijijini Machi 2023, kisha Biharamulo Januari 2025. Popo wanaohusishwa na virusi hivyo ni wale wala matunda wanaoishi kwa maelfu mapangoni na kwenye machimbo. Wanaojibanza darini kwa kawaida ni wadogo, wala wadudu. Hakuna haja ya kuchoma nyumba ya watu. Lakini mtoto asiokote popo, awe mzima au mfu, na asile tunda lililoumwaumwa na mnyama.

Hasara inayoingia moja kwa moja jikoni ni ya migomba. Mnyauko bakteria uligundulika Muleba mwaka 2006, na tangu hapo kibanja kisichohudumiwa ni adui wa vibanja vyote vinavyokizunguka. Wadudu wanaotembelea ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, hubeba ugonjwa bila kuuliza mpaka uko wapi. Dalili ni majani kunyauka yakiwa ya njano na ndizi kuiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa na rangi ya kahawia. Dawa ya kunyunyizia hakuna. Kinachofanyika ni kuvunja ua dume mapema kwa mti wenye panda, si kwa panga, kukata shina lililougua, na kupitisha panga kwenye moto au jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Hapa ndipo jirani mwema anapokwama. Akiingia bila ruhusa ni mvamizi. Akiomba ruhusa, mara nyingi jibu la simu kutoka Dar ni "acha, nitakuja." Kiburi si lazima kiwepo. Mwenye nyumba anaogopa kwamba leo Ta fulani anafyeka, kesho anavuna, keshokutwa anadai. Hofu hiyo ina mizizi: kisheria, madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ila mtu aliyekaribishwa kutunza hageuki mmiliki kwa kutunza. Kinachomaliza wasiwasi ni karatasi moja: nani anatunza, anafyeka nini, anakula ndizi zipi, mpaka lini, na kwamba ardhi si yake. Wasaini wote wawili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, kila mmoja abaki na nakala.

Mwenyewe asipopatikana, aanze kutafutwa kupitia ukoo. Na mtu wa kuuliza si kaka mkubwa aliye mbali tu. Mara nyingi binti wa nyumba hiyo ameolewa kijiji cha tatu, yupo, ana jembe, ila kwa mila za zamani hakuhesabiwa. Mahakama Kuu ya Mwanza ilishaamua mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo. Kama anaweza kuuza, kufyeka hakumshindi.

Shimo la wazi, ukuta unaoning'inia au maji yaliyooza ni kazi ya afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kumwandikia mwenye kiwanja. Mgogoro wa mpaka huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 husuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijijini, ardhi isiyotumika kwa miaka mitano au zaidi inaweza kutangazwa kuwa imetelekezwa, lakini ni Halmashauri ya Kijiji inayotoa notisi, siyo jirani mwenye hasira.

Wengi wa wenye nyumba hizi hurudi Desemba. Wakati huo karatasi iwe imeshaandikwa, mwenyekiti awe ameshaambiwa, na kile choo cha zamani kiwe kimeshawekewa miiba kukizunguka.