Mpangilio na Umbali: Modeli Zisizo za Kiparameta katika Uchambuzi wa Majibu ya Mtihani

Utangulizi

Mtahiniwa mmoja akipata alama 30 na mwenzake 20, madai mawili huweza kutolewa: kwamba wa kwanza ana uwezo mkubwa zaidi, na kwamba tofauti yao ina ukubwa fulani. Dai la kwanza ni la mpangilio; la pili ni la umbali. Modeli ya Georg Rasch wa Denmark (1960) hulenga yote mawili, lakini kwa sharti zito: uwezekano wa kujibu swali kwa usahihi ufuate mkunjo wa umbo la herufi S uliobainishwa kwa fomula. Modeli zisizo za kiparameta huliacha sharti hilo.

Masharti ya Mokken

Modeli ya Robert Mokken wa Uholanzi (1971) ina masharti matatu ya msingi. Maswali yapime uwezo mmoja. Kwa watahiniwa wenye uwezo sawa, jibu la swali moja lisitegemee la jingine. Na uwezekano wa kujibu sahihi usipungue uwezo unapopanda. Masharti hayo yakitimia katika maswali ya sahihi au kosa, jumla ya alama hutosha kuwapanga watahiniwa. Sharti la pili huvunjwa kwa urahisi katika mtihani wa ufahamu, ambamo maswali kadhaa hutokana na kifungu kimoja.

Kipimo cha H

Tuseme kati ya watahiniwa 100, 80 wamelipata swali rahisi na 40 swali gumu. Kosa la mpangilio hutokea mtahiniwa anapokosa lililo rahisi na kupata lililo gumu. Kama maswali hayana uhusiano, makosa 8 yangetarajiwa. Yakionekana 4 tu, H ni 1 kutoa 4/8, yaani 0.5. Kwa desturi, chini ya 0.3 maswali hayaundi skeli inayofaa, kuanzia 0.5 skeli ni imara.

Hitimisho

Nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, kama kwingineko, mshauri wa sera hana budi kutenganisha matumizi ya alama. Kuteua watahiniwa bora kwahitaji mpangilio. Kudai kwamba pengo baina ya wilaya mbili limepungua kwahitaji umbali, ambao modeli hii haiuthibitishi. Wala haisemi mstari wa kufaulu uchorwe wapi: uamuzi huo hubaki kwa wataalamu wa lugha.