Mlima ulioanguka juu ya watafuta zahabu

Wengi wa wasomaji wetu hawajaona theluji na macho yao, isipokuwa labda ndugu zetu wa upande wa Beni, wanaoona Ruwenzori ikiwa nyeupe asubuhi. Lakini habari hii ni yenu, maana waliokufa mule walikuwa watu wa kazi yenu.

Mwaka 1898 maelfu ya watu walikuwa wanapanda mlima wa Chilkoot, kule Alaska, ili wavuke waingie Kanada kutafuta zahabu ya Klondike. Polisi ya Kanada ilikataa mtu kuingia bila chakula cha mwaka mzima. Pamoja na vyombo, mzigo ulifika karibu tani moja. Tani moja, mgongoni mwa mtu! Basi mtu alipanda na kushuka mara nyingi sana, juu ya ngazi karibu 1.500 zilizokatwa ndani ya barafu. Hakuna aliyetaka kupoteza hata siku moja.

Mwanzo wa mwezi wa nne theluji ilianguka mingi, kisha joto likaingia. Watlingit, wenyeji wa pale waliobeba mizigo kwa malipo, waliangalia mlima wakasema: hapana, leo hatupande. Siku ya Matawi, tarehe 3, asubuhi mapema theluji ikaanza kuachia kidogo kidogo, ikafunika watu, wengine wakatolewa wazima. Hapo waliokuwa juu wakaogopa, wakaanza kushuka wakishika kamba. Katikati ya mchana mlima wenyewe ukaachia. Watu zaidi ya 60 walikufa; makaburi yao yako Dyea mpaka leo. Kisha siku chache tu, ngazi zikajaa tena watu.

Kwa nini wakati ule, baridi inapoisha? Theluji inalala tabaka juu ya tabaka, kama udongo wa ukuta wa shimo. Jua likipiga, maji yanaingia, yanashuka mpaka tabaka ya chini, na ile ya juu inakosa kitu cha kushikilia. Usiku baridi inagandisha yote tena, mlima unashika. Ndiyo maana watu wa milima ya Uswisi na Ufaransa wanaondoka kungali giza, na mbele ya jua kuwa kali wamekwisha kushuka. Usiku ukiwa na mawingu, theluji isigande, wanabaki nyumbani. Mguu ukizama mpaka gotini, wanageuka. Fasi mbaya zaidi ni mteremko wa digri 30 mpaka 45: pale theluji inaweza kulundikana, na inaweza pia kuteleza. Wanapita mmoja mmoja, wengine wakiangalia.

Kila mtu anavaa kifaa kidogo kinachotuma alama, anabeba fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi. Aliyefunikwa anakufa kwa kukosa hewa. Akitolewa ndani ya dakika 15, mara nyingi anapona. Dakika 35 zikipita, wanaopona ni wachache. Elikopta haifiki mbio namna ile. Anayeokoa ni mwenzako uliyetembea naye.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, Kolwezi, udongo ulianguka juu ya wachimbaji. Serikali ilihesabu wafu 43. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo tusiseme kila kitu ni mvua: ukuta uliochimbwa chini unaanguka hata ukiwa mkavu. Lakini Kamituga, mwezi wa tisa 2020, ilikuwa mvua kabisa, maji yakajaza mashimo, watu karibu 50 wakabaki ndani.

Mvua kwetu inafanya kazi ile ile ya jua kule. Ufa mpya juu ya mdomo wa shimo, maji yanayotoka fasi yalipokuwa hayatoki jana, mawe madogo yanayoanguka bila mtu kuyagusa: hayo ni kama zile theluji ndogo za asubuhi pale Chilkoot. Mkubwa wa shimo atasema ni kitu kidogo, juu ya deni lake. Wewe panda. Asiwepo mtu chini bila mwenzake juu anayeangalia ukuta, si simu. Na ba mama, mumeulize bwana kila asubuhi anashuka shimo gani, pamoja na nani. Siku udongo ukianguka, watu wanapoteza dakika nyingi kuulizana tu nani yuko ndani.