Kipelelezi cha DNA na Afya ya Pingili za Mihogo

Chama cha msingi kinapokusanya pingili za mihogo ili kuwagawia wanachama wake, mavuno ya mwaka mzima huamuliwa katika saa chache za upakiaji: zipi zipande gari, zipi zitupwe. Kwa desturi uamuzi huo hufanywa kwa jicho. Jicho la mkulima mzoefu si la kudharauliwa, kwani jani lenye batobato hujikunja na kupata mabaka ya manjano, na mwenye shamba hulitambua kwa mbali. Lakini shina lililoambukizwa karibuni halijaonyesha dalili, na pingili iliyokwisha kukatwa haina jani la kutazamwa. Mzigo mmoja mbovu hutosha kuuhamisha ugonjwa kutoka tarafa hadi tarafa kwa gari la chama chenyewe. Ndiyo sababu yafaa viongozi wa vyama wauelewe upimaji unaochungulia ndani ya mmea.

Batobato si ugonjwa mgeni. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa mwaka 1894, yakihusu mihogo ya Usambara. Katika kituo cha Amani, katika milima hiyo hiyo, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza katika miaka ya 1930 kazi ya kuzalisha mihogo inayostahimili. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 1983 ndipo uchunguzi uliofanywa Kenya ulipothibitisha kwamba chanzo ni virusi vinavyobebwa na inzi weupe. Mwaka huo huo herufi zote za DNA ya virusi hivyo zilisomwa nchini Uingereza.

DNA ni maandishi ya urithi yaliyomo katika kila kiumbe. Yameandikwa kwa herufi nne tu, nazo ni A, T, G na C, zilizopangwa katika uzi mrefu. A hushikana na T, na G hushikana na C, wala hazibadilishani wenzi. Virusi vya batobato vina nyuzi mbili zilizofungwa duara, kila moja ikiwa na herufi takriban 2,800. Kwa hiyo mtaalamu akitengeneza kipande kifupi ambacho herufi zake ni wenzi wa herufi za virusi, kipande hicho kitavitafuta chenyewe. Hicho ndicho kipelelezi.

Katika njia ya kwanza, jani husagwa na tone la utomvu wake huwekwa juu ya karatasi ya nailoni. Nyuzi za DNA hutenganishwa kwa joto au kwa magadi makali, kisha karatasi huloweshwa katika maji yenye kipelelezi kwa saa nyingi. Kipelelezi kikikuta mwenzi hung'ang'ania. Kisipomkuta huoshwa kikaenda na maji. Zamani kilifungwa fosforasi yenye mnururisho, na mahali kiliposhika palitia doa jeusi kwenye filamu kama ya eksirei. Fosforasi hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila siku 14 hivi, jambo lililozitesa maabara zilizo mbali na viwanda vyake, na kuacha kuitegemea kumekuwa nafuu kubwa.

Uoshaji huo una siri yake. Maji ya moto yenye chumvi kidogo huachanisha kila kilichoshikana kwa kulegalega, na hubakia wenzi halisi tu. Maji ya vuguvugu yenye chumvi nyingi huwaacha na wale wanaofanana kwa sehemu. Hivyo kipelelezi hujibu maswali mawili: virusi vipo au havipo, na vina udugu gani na virusi vingine.

Thamani ya swali la pili ilionekana Uganda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo ya kawaida iliteketeza mihogo katika sehemu za kati na za kaskazini, ikaleta njaa, kisha ikasonga hadi magharibi mwa Kenya na kufika Kagera. Vipimo vilivyochunguza ganda la virusi vilisema ni virusi vile vile vya zamani. Mwaka 1997 usomaji wa DNA ulifichua kwamba ni chotara: sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuwa ya virusi vya Afrika Mashariki, ila kipande cha kati cha maandishi ya ganda kilitoka kwa virusi vingine vya batobato. Mgeni alikuwa amevaa kanzu ya mwenyeji.

Siku hizi maabara nyingi huanza kwa kuizidisha DNA kwa mashine, ikirudufiwa kila mzunguko; mizunguko 20 hufanya nakala moja kuwa zaidi ya milioni. Kipelelezi kifupi chenye rangi hutoa mwanga nakala zinapoongezeka. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha muhogo chini wakati shina bado linapendeza, huletwa na virusi vya RNA. Hivyo hulazimu RNA hiyo igeuzwe kwanza kuwa DNA.

Kipimo hiki kina mipaka. Kipelelezi hutambua kile tu kilichotengenezewa, na jibu lake ni la jani lililopelekwa, si la mzigo mzima. Virusi pia havienei sawasawa katika mmea. Chama kinachotaka pingili zake zipimwe hakina budi kumwita bwana shamba mapema, shamba mama lingali limesimama, ili majani yachukuliwe kutoka mashina mengi, kwenye kingo na katikati. Kwa batobato yafaa majani machanga ya kileleni; dalili za michirizi hujitokeza zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa. Kila sampuli iandikwe jina la shamba, aina ya muhogo na tarehe, na pingili zisikatwe mpaka majibu yamefika.