Gari limeandikiwa deni: ulipe yaishe au ubishe?

Mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa anajiandaa kulipia bima ya gari. Kabla hajatoa pesa akaona aangalie kwanza kama gari lina deni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu walinunue. Aliingiza namba ya gari kwenye simu, akaenda jikoni kukoroga uji wa mtoto, na aliporudi akakuta orodha imefunguka.

Lilikuwa si deni moja. Yalikuwa matano, yote ya maegesho: manne ya Upanga, moja la Kariakoo. Ushuru wenyewe ulikuwa mdogo, lakini juu ya kila deni kulikuwa na adhabu ya kuchelewa kulipa. Jumla ilipita Sh50,000.

Kwa nyumba yenye mtoto wa miezi kumi, hiyo ni pampasi na maziwa ya wiki kadhaa. Ila kilichomkera zaidi si kiasi. Gari lao, kwa kadiri alivyojua, halikuwa na safari ya Upanga. Mume wake hulichukua asubuhi kwenda kazini Vingunguti na kulirudisha jioni. Jumapili wanakwenda nalo kanisani, na mara mojamoja kwa mama mkwe wake Mbagala. Basi.

Alimwonyesha mumewe simu usiku huo huo. Mume akaiangalia kwa muda, akamrudishia.

“Lipa tu yaishe, mama. Hela ndogo hiyo.”

“Tangu lini wewe ukakubali kulipia kitu hujala?”

Mume hakujibu. Alisema amechoka, akaenda kulala.

Mazungumzo ya aina hii yanafanyika kwenye nyumba nyingi za mjini siku hizi. Zamani mtoza ushuru alibana karatasi kwenye waipa, dereva akaikuta au upepo ukaichukua. Sasa mhudumu anaingiza namba ya gari kwenye mashine ya mkononi, deni linakaa kwenye mfumo, na unaweza kukaa miezi bila kujua kama hujaangalia. Siku unayojua, unakuta limekwisha kukua. Hapo ndipo swali linapokuja, na wengi hulijibu kwa hasira au kwa uchovu.

Kwanza, deni ni la aina gani? Watu huchanganya mambo mawili. Kuna ushuru wa maegesho, yaani malipo ya kutumia eneo lililopimwa, ambao usipolipwa kwa wakati huongezewa adhabu. Na kuna kosa la barabarani, linaloandikwa na askari wa usalama barabarani kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Hilo ndilo wengi wanaliita notifikesheni, na kiwango chake kwa gari kimezoeleka kuwa Sh30,000 kwa kosa moja. Bodaboda na bajaji walipunguziwa mwaka 2021 kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000. Kuegesha kwenye maegesho halali bila kulipa ni jambo la kwanza. Kuegesha mbele ya kivuko cha waenda kwa miguu ni la pili.

Tofauti hii ni kubwa kwa anayetaka kubisha. Deni la ushuru unalipinga kwenye ofisi iliyokuandikia, kwa maandishi na vielelezo. Notifikesheni ina njia yake: ukilipa, umekubali kosa. Usipokubali, una haki ya kulikataa, na shauri likaenda mahakamani. Ndiyo maana ushauri wa “lipa kwanza utalalamika baadaye” ni mbaya kwenye notifikesheni. Ukishalipa, unakuwa umefunga mlango mwenyewe.

Lakini mahakama nayo ina gharama. Ni siku ya kazi imekwenda, pengine mbili au tatu. Ni nauli, na ni mtu wa kumchukua mtoto shuleni. Anayekwenda kubishania Sh30,000 ajiulize ana kitu gani mkononi zaidi ya hasira.

Baba mmoja wa Mwenge hakuwa na kitu. Alisimamisha gari kwenye mdomo wa kivuko nje ya shule ya binti yake, akashuka kumpeleka hadi getini kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Dakika tatu, anavyosema yeye. Aliporudi, askari alikuwa anaandika. Alianza kujitetea kwa sauti mpaka binti yake wa miaka minane, ambaye alikuwa amesahau chupa ya maji na kurudi kuichukua, akamwambia mbele ya askari kwamba hapo mwalimu wao amewakataza wazazi kusimama. Baba huyo alilipa siku hiyo hiyo, na sasa anaegesha mbali na kutembea na mwavuli.

Mvua si utetezi. Wala si kwamba ulikuwa na haraka, au kwamba na wenzako walikuwa wameegesha hapo hapo. Utetezi ni kama namba si ya gari lako, gari lilikuwa mahali pengine, ulikuwa umekwisha kulipa na una ujumbe wa malipo, au ulikuwa umeshaliuza gari tarehe hiyo na una mkataba. Kama huna hata kimoja, kila wiki unayobishana ni ya hasara kwako, kwa kuwa adhabu haisubiri.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaijua na hawaitaji kwa jina: kumaliza pale pale kwa noti ya elfu tano au kumi. Mbali na kwamba deni linaweza kubaki kwenye mfumo kama lilivyo, sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Malipo halali ya serikali yanakuja na namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na unapata ujumbe. Ukiombwa fedha taslimu bila namba hiyo, simu ya bure ya Takukuru ni 113. Na mtoto aliye kiti cha nyuma anaona kila kitu.

Yule mama wa Tabata aliamua kubisha.

Alianza na deni la Kariakoo. Tarehe yake aliitambua, akaenda kutoa kadi ya kliniki ya mtoto. Ilikuwa siku ya chanjo ya surua na rubela, ile ya miezi tisa. Mumewe alikuwa likizo na ndiye aliyewapeleka zahanati, si mbali na nyumbani, na walirudi mchana. Kwenye simu kulikuwa na picha ya mtoto amebebwa na baba yake nje ya zahanati, analia, na nyuma yao gari lao, namba inasomeka. Picha ilipigwa saa nne na nusu asubuhi. Deni la Kariakoo lilikuwa la saa nne hadi saa sita.

Wanaofanikiwa kufutiwa deni mara nyingi wana vitu vidogo vya namna hii. Namba za magari ya kwetu, herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, ni rahisi kukosewa na mtu anayeandika juani: tatu ikawa nane, C ikawa G. Risiti ya duka, cheti cha daktari, muhuri wa kliniki au muamala wa simu uliofanyika sehemu nyingine vinaweza kukutoa. Ukipeleka ofisini, peleka nakala na ubaki na halisi. Andika barua fupi yenye namba ya gari, namba ya deni, tarehe na sababu, na omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ikipotea, utaanza upya huku adhabu ikiendelea kuhesabu.

Alikwenda kwa daladala, kwa kuwa gari lilikuwa kazini, mtoto akabaki na dada wa kazi. Kwenye dirisha alimkuta kijana aliyemsikiliza vizuri. La Kariakoo lilionekana halina ubishi: gari lililoingizwa siku ile lilielezwa kuwa la aina nyingine kabisa. Barua ikapokelewa, akaambiwa asubiri. Wiki chache baadaye lilifutwa.

Kisha akauliza kuhusu manne ya Upanga. Kijana akageuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Aina ya gari ilikuwa sahihi, na rangi pia. Mtaa ulikuwa mmoja kwa yote manne. Saa zilikuwa karibu zilezile, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, na siku zote zilikuwa Alhamisi.

Alisema asante, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje. Akahesabu tarehe kwa vidole. Zilipishana wiki nne nne.

Kila mwanamke anayesoma hapa anajua wazo la kwanza lilikuwa lipi. Alikaa nalo ndani ya daladala hadi Tabata, akalipikia chakula, akaliogesha pamoja na mtoto. Hakumpigia dada yake wala shoga yake, na baadaye alishukuru kwamba hakupiga. Watoto walipolala aliweka karatasi ya madeni mezani mbele ya mumewe bila kusema neno.

Mume aliinuka, akaenda kwenye begi lake la kazini, akatoa kadi ya kliniki ya presha.

Alikuwa ameanza kwenda miezi mitano nyuma, baada ya kupimwa kazini na kukutwa na 170 kwa 110. Kipimo cha 140 kwa 90 na kuendelea, kikirudiwa na kubaki hapo, ndicho madaktari wanachokiita shinikizo la juu la damu, kwa hiyo yeye alikuwa mbali juu ya mstari. Alipewa dawa na tarehe za kurudi. Aliomba ruhusa kazini kila Alhamisi ya zamu yake, akaegesha Upanga, na hakutaka kulipa kwa simu kwa sababu mkewe ndiye hushika simu zote mbili kupanga matumizi ya mwezi. Baba yake mwenyewe alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 52. Hakutaka mkewe, aliyekuwa bado ananyonyesha, aanze kumhesabia siku.

Ni siri ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Presha ya juu mara nyingi haiumi popote, na mtu asiyejisikia mgonjwa huona aibu kumeza vidonge mbele ya watu wazima na watoto. Wengine huacha dawa wanapoona kipimo kimeshuka, wakidhani wamepona, wakati kimeshuka kwa sababu ya dawa. Mume huyu alikuwa ameficha vidonge kwenye droo ya ofisini. Wikiendi na sikukuu hakuwa anakunywa kabisa. Nyumbani, chumvi ya mezani ilikuwa palepale, na mkewe alikuwa bado anamkaangia dagaa kwa kuwa ndicho anachokipenda.

Alilia kwanza, kisha akakasirika, kwa mpangilio huo. Hasira ilikuwa ya adhabu. Mtu aliyekuwa na elfu ya ushuru mfukoni kila Alhamisi ameacha ikawa zaidi ya Sh40,000 kwa kuogopa ujumbe mmoja wa simu.

Madeni yale manne hayakuwa na cha kubishia. Waliyalipa mwisho wa mwezi, wakaahirisha kununua kitanda cha mtoto. Alhamisi iliyofuata walikwenda Upanga pamoja. Mume alipoingia ndani kupima, mke alibaki garini na mtoto. Mhudumu wa maegesho alipopita na mashine yake, alimwomba asubiri, akalipia pale pale kwa simu, akampa asome ujumbe. Mume alirudi baada ya saa moja na nusu na kipimo cha 142 kwa 88. Vidonge sasa vinakaa juu ya friji, karibu na kadi ya kliniki ya mtoto.