Kuwa rubani wa ndege: pima macho kwanza, ndipo uuze shamba

Katika inchi yetu, mtu anayetoka Kisangani, Bukavu ao Lubumbashi kwenda Kinshasa hutegemea sana ndege, kwa sababu barabara ni mbaya ao hazipo. Ndiyo maana watoto wengi, wakisikia ndege inapita juu ya nyumba, wanasema: « Mimi nitakuwa rubani. » Lakini wazazi wachache wanajua njia yenyewe, na kuna jamaa zinazouza shamba ao nyumba mbele ya kuuliza.

Kanuni zinatungwa na OACI, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lenye makao yake Montreal, Canada. Hapa Congo, leseni inatolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, AAC.

Kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni leseni ya rubani wa binafsi: umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni hiyo haikuruhusu kulipwa mshahara. Ya pili ni leseni ya biashara: miaka 18 na saa 200, ao 150 kwa yule aliyefuata masomo ya mfululizo katika shule iliyokubaliwa. Ya tatu, ya kapiteni wa ndege kubwa za abiria, inaomba miaka 21 na saa 1.500, na kati ya hizo 100 ziwe za usiku.

Juu ya leseni ya biashara, mtu anaongeza ruhusa ya kuruka kwa kufuata vyombo tu, wakati wa mawingu na giza, kisha mafunzo ya aina ya ndege atakayoendesha. Kujua Let 410 hakukupi ruhusa ya kuendesha Boeing 737.

Kwa upande wa masomo, shule nyingi zinaomba diploma ya serikali, na hesabu na fizikia zinasaidia sana. Lugha pia ni kizuizi. Tangu mwaka wa 2008, rubani wa safari za kimataifa anapaswa kufikia ngazi ya 4 ya Kiingereza kati ya ngazi 6. Kwa redio, Kifaransa kinaweza kutosha ndani ya inchi, lakini vitabu vingi vya ndege viko kwa Kiingereza. Mtoto aanze kukijifunza akiwa bado sekondari.

Tuje sasa kwa afya. Daktari aliyekubaliwa na mamlaka anapima macho, masikio, moyo na akili. Miwani haikatazwi, mradi ukiivaa uone vizuri. Asiyetofautisha rangi vizuri anaweza kuzuiliwa. Cheti hicho kinarudiliwa kila mwaka. Kipimo hiki kifanywe mbele ya kulipa hata franga moja ya shule, kwani masomo yote yanafikia makumi ya maelfu ya dola.

Kuna mtego mwingine. Kijana anarudi na saa 200, lakini makampuni mengi yanaomba saa zaidi. Wengine wanaanza na ndege ndogo zinazopeleka watu na bidhaa kwenye viwanja vya udongo, wengine wanafundisha. Mzazi ajue kwamba pesa ya shule haimalizi safari.

Na usikubali njia ya mkato. Kunako tarehe 15 mwezi wa ine 2008, ndege ilishindwa kuruka Goma ikaingia ndani ya mitaa yenye watu, makumi walikufa. Saa zilizoandikwa kwa uongo kwenye kitabu cha rubani hazimsaidii siku injini inapozimika.

Mbele ya kulipa, uliza AAC maswali mawili: shule hii inatambuliwa? Leseni ya inchi ile itakubaliwa hapa? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, na daktari amekubali, hapo ndipo jamaa ikae kuzungumza juu ya shamba.