Kigiriki Kinachosimulia Pwani Yetu

Mvua inayonyesha kwenye milima ya Matogoro, ile inayoonekana Songea mjini, hugawana njia. Maji mengine huingia mto Ruvuma, yakateremka kusini na kisha mashariki yakifuata mpaka wa Msumbiji. Mengine hufuata Luegu, unaokutana na Kilombero na kuzaa Rufiji. Mito hiyo miwili hufika Bahari ya Hindi katika sehemu ambazo wasomi wa Kigiriki cha kale wamezibishania kwa muda mrefu. Kwa hiyo msomaji wa Mfaranyaki, mjini Songea, asidhani taaluma hii inahusu Athens na Roma peke yake.

Kitabu kinacholeta ubishi huo wengi wetu tulikisikia sekondari, kwenye somo la historia: Periplus ya Bahari ya Erithrea. Ni mwongozo wa biashara, si hadithi. Mwandishi wake hakuacha jina, lakini anapotaja miti ya Misri anasema ni miti ya kwao, na Kigiriki chake ni kile cha sokoni na bandarini. Kwa kuwa anamtaja mfalme Malichus wa Wanabatea, aliyetawala kati ya mwaka 40 na 70 baada ya Kristo, wasomi wanaiweka kazi yake katikati ya karne ya kwanza. Pwani yetu anaiita Azania, na soko lake la mwisho ni Rhapta.

Mtu huyu alikuwa na jicho. Anaeleza kisiwa cha Menouthias, kilicho tambarare na chenye miti mingi, umbali wa stadia 300 kutoka bara, yaani kilomita kama 55. Wakazi wake wana mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na huvitumia kuvulia samaki na kasa. Kwenye midomo ya mikondo ya maji hutega vikapu vilivyofumwa badala ya nyavu. Mhariri aliyekulia Ulaya husoma habari ya vikapu hivyo na kukisia. Mvuvi wa Mafia au Pemba angeuliza mara moja: hilo ni dema, au ni uzio? Hapa ndipo ninapoona pengo kubwa la taaluma hii. Waliokihariri na kukifasiri kitabu hiki kwa miaka mingi walikijua Kigiriki vizuri sana, lakini wachache mno kati yao waliwahi kuona dema likitolewa majini.

Madhara yake yanaonekana kwenye sentensi moja ya sura ya 16, inayowaeleza watu wa Rhapta. Inasema ni watu wenye miili mikubwa, na kila mahali wana mkuu wao. Ndani yake kuna neno lililoharibika. Lilivyo kwenye hati ya mkono lina maana ya “wanaoonekana”, na halikai vizuri katika sentensi. Wasomi wakalirekebisha. Wilfred Schoff, aliyetoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1912, alifuata rekebisho linalowafanya wawe na tabia za kiharamia. Lionel Casson, katika toleo lake la 1989, alifuata jingine: wakulima. Herufi chache tu, na watu walewale wanahama kutoka uharamia kwenda shambani. Mimi naona wakulima wanafaa zaidi, maana sura hiyohiyo inaeleza manahodha na mawakala kutoka Arabuni wanaoifahamu nchi, wanaooa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Kwa wenyeji maharamia, maelewano ya namna hiyo yangekuwa ya ajabu.

Kwa nini tusitazame hati nyingine ili kumaliza ubishi? Kwa sababu kwa kweli hakuna. Hati kuu iko Heidelberg, Ujerumani, nayo iliandikwa karne ya 10, karibu miaka 900 baada ya mwandishi. Ya pili iko London, lakini ilinakiliwa kutoka hiyo ya kwanza, na mtoto anayerudia maneno ya baba yake hahesabiwi kuwa shahidi wa pili. Mnakili akikosea pale Heidelberg, tumebaki na akili zetu, sarufi, na ujuzi wa nchi inayoelezwa.

Karne iliyofuata baada ya Periplus, mwanajiografia Ptolemy wa Alexandria aliandika kwamba baharia aitwaye Dioscorus alipita Rhapta akafika rasi ya Prason. Wasomi kadhaa wanaiweka Prason kwenye Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma. Vipimo vya Ptolemy vina makosa mengi, kwa hiyo sitaapa.

Wenye nyenzo za kuingia kwenye kazi hii wako karibu kuliko tunavyofikiri. Peramiho, magharibi ya Songea, Kilatini kimesikika tangu Wabenediktini walipofika mwaka 1898. Mseminari anayejifunza Kigiriki ili asome Injili ya Luka anajifunza Kigiriki cha zama zilezile za Periplus. Akiimudu safari ya Paulo kwenye Matendo ya Mitume sura ya 27, yenye matanga, nanga na kupima kina cha maji, sura za Azania hazitamshinda. Na Kiswahili kimeshapokea kazi za Wagiriki: Samuel Mushi alitoa tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971.

Upande wa udongo, yaani akiolojia, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za kioo kutoka eneo la Rufiji, akazitambua kuwa za Kirumi. Periplus inataja vioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Azania, pamoja na mikuki, mashoka na visu. Rhapta yenyewe wengine wanaitafuta Rufiji, wengine karibu na Dar es Salaam, wengine Pangani. Hapo kemia inasaidia. Kioo cha Warumi kilipikwa kwa magadi ya Misri, na mchanganyiko wake hutofautiana na wa vioo vya India, hivyo kipande kidogo cha ushanga kikipimwa maabara kinaweza kuonyesha kilikotoka. Kila shimo jipya kwenye delta ya Rufiji lichimbwe na mtu aliyeisoma sura ya 16 kwa Kigiriki chake.