Muda wa Matunzo katika Mifumo ya Linux

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari huko Ilembula, mkoani Njombe, iliyopewa kompyuta kumi kuukuu. Mwalimu ataka kuweka mfumo wa Linux, kwa kuwa hautozwi ada, tena yapo matawi yake yanayofaa mashine dhaifu. Yampasa kwanza aulize: mfumo huo utatunzwa hadi lini?

Programu hutungwa na binadamu, na kila mara kasoro hugunduliwa ndani yake. Baadhi ya kasoro huwa mianya ya kupitia virusi na wezi wa siri. Watunzi huiziba kwa kutoa masahihisho, ambayo kompyuta huyapokea kwa njia ya intaneti. Kazi hiyo yahitaji watu na fedha. Kwa hiyo kila toleo hupangiwa muda wa matunzo. Muda ukiisha kompyuta haizimiki, bali mianya mipya haizibwi tena.

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Juu yake imejengwa mifumo mingi, ukiwamo Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa, na maana yake ni utu. Ubuntu una matawi, kama vile Kubuntu, Xubuntu na Lubuntu. Matawi haya hutumia kiini kimoja na hazina moja ya programu, ila hutofautiana kwa sura inayoonekana kwenye kioo, yaani madirisha na menyu.

Hata hivyo, muda wao haulingani. Ubuntu 24.04, kama namba yake inavyoonyesha, ilitolewa Aprili 2024. Iliahidiwa matunzo ya miaka 5, hadi 2029. Xubuntu na Lubuntu za namba hiyo hiyo ziliahidiwa miaka 3 tu, hadi Aprili 2027. Sababu ni kwamba kiini na programu za msingi hutunzwa na wafanyakazi wa kampuni ya Canonical, bali sura za matawi hutunzwa na vikundi vya watu wanaojitolea.

Fikiri juu ya nyumba. Fundi mmoja ameahidi kutengeneza kuta kwa miaka 5. Mwingine ameahidi kutengeneza milango kwa miaka 3. Katika mwaka wa nne kuta zingali na mtunzaji, lakini kitasa kikivunjika hakuna aliyeahidi kuja. Kadhalika katika tawi la Linux, baada ya miaka 3 masahihisho ya kiini huendelea kuingia, na mtumiaji hudhani kuwa mfumo mzima u salama. Ndivyo ilivyotokea kwa Lubuntu 18.04, toleo la mwisho la matunzo marefu la tawi hilo lililokubali kompyuta za biti 32: matunzo yake yalikoma Aprili 2021, ilhali ya Ubuntu 18.04 yaliendelea hadi 2023.

Basi yafaa mwalimu aandike katika daftari la vifaa tarehe ya mwisho ya tawi lake, wala si ya Ubuntu. Matoleo ya matunzo marefu hutoka kila baada ya miaka 2. Hivyo mwenye tawi la miaka 3 hupata takriban mwaka mmoja wa kuhamia toleo jipya, na likizo ndiyo nafasi nzuri. Matoleo ya katikati, yanayotunzwa miezi 9 tu, hayaifai shule.

Zoezi: Shule yatumia Xubuntu 22.04. Matunzo yake yalipangwa kukoma mwezi na mwaka gani?